Giaboksi la Shangazi

Kwa masikitiko makubwa inatangazwa kwa umma, wenye magari na wenye kandambili kwa pamoja, kwamba asubuhi ya Jumatano, mbele ya mashahidi watatu na kuku mmoja, alifariki ghafla mtumishi aliyewatumikia wananchi kwa zaidi ya miaka ishirini, bila likizo, bila kupandishwa cheo, na bila kusifiwa hata siku moja. Marehemu ameacha injini, magurudumu manne na mwalimu mmoja wa udereva.

Marehemu alikuwa giaboksi. Tena si la ndege wala la meli ya vita. Lilikuwa giaboksi la gari dogo jeupe lenye kibao cha mwanafunzi mbele na nyuma, na kifo chake kilikuwa hivi: muuza nyanya mmoja, aliyekuja kujifunza udereva kwa haraka ileile anayouzia nyanya, alitoa gia ya mbele akatia ya nyuma kabla gari halijasimama. Chini ya gari ukalia mlio kama wa sufuria iliyojaa misumari. Injini ikaendelea kunguruma, magurudumu yakakataa.

"Mwalimu," akauliza muuza nyanya, mikono ameiinua kama aliyekamatwa, "nimefeli?"

"Shuka," akasema Mwalimu. "Shuka polepole."

Mji mzima ulimwita Mwalimu Kioo, kwa kuwa neno hilo ndilo lililokuwa salamu yake, onyo lake na dua yake. "Kioo!" kabla ya kuondoka. "Kioo!" kabla ya kukata kona. Nusu ya madereva wa mji, wa mabasi, wa malori, hata wa gari la kubebea maiti, walikuwa wamepita mikononi mwake, na kila walipomkuta barabarani walitoa vichwa madirishani wakamrudishia: "Kioo, Mwalimu!" Naye alijifanya hapendi.

Gari lenyewe wanafunzi walilipa jina la Shangazi, maana lililalamika njia nzima lakini lilifika, na halikusahau kosa la mtu. Shule ya Mwalimu ilikuwa na magari mawili. La kwanza lilikuwa la gia za mkono, na ndilo lililofundisha karibu kila mtu. La pili lilikuwa Shangazi, gari la oto, lisilo na klachi, na katika wilaya nzima hakukuwa na lingine la namna hiyo lililosajiliwa kwa mtihani. Vijana walilidharau. "Gari la wavivu hilo, unakaa tu kama mzigo." Lakini walikuwepo watu ambao bila Shangazi wasingekaa kwenye usukani kabisa.

Mmoja wao alikuwa Mama Pacha. Alipokuwa mtoto alipigwa sindano mahali pasipo pake, na tangu siku hiyo mguu wa kushoto ulimfuata nyuma kama mtoto aliyenuna. Mguu wa kulia ulikuwa mzima, na gari la oto halidai zaidi ya huo. Maabara iliyo mkabala na hospitali ilimwahidi kazi: kuendesha kigari cha kukusanya vichupa vya damu na vikopo vya mkojo kutoka zahanati za pembezoni. Kigari chenyewe kilikuwa cha oto. Meneja alimwambia, "Mama, niletee leseni Ijumaa. Ikipita hapo sitaweza kukuwekea nafasi." Na mtihani ulikuwa Alhamisi, yaani siku moja tu baada ya giaboksi kufa.

Huo ungekuwa mtihani wake wa tatu, ingawa hakuwahi kufeli hata mmoja. Wa kwanza uliahirishwa kwa sababu mtahini alikwenda kwenye semina ya kuboresha huduma kwa wananchi. Wa pili uliahirishwa kwa sababu mashine ya ofisini haikuwa na wino. Siku ya magari ya oto ilipangwa mara moja tu kila msimu, na aliyeikosa alingoja tangazo, na tangazo lilingoja mtu wa kulibandika.

Kwa hiyo Shangazi alisukumwa mpaka gereji, muuza nyanya akisukuma kwa bidii ya mwenye hatia.

Fundi wa gereji hiyo aliitwa Kimya, kwa sababu hakunyamaza. Kabla jua halijafika kichwani alikuwa amekwisha kulishusha giaboksi, likalala juu ya gunia, likivuja oili nyeusi yenye harufu ya kuungua.

"Huyu wa kuzikwa, Mwalimu," alisema akifuta mikono. "Ndani mmekuwa uji wa chuma. Kumfufua ni wiki nzima, na vipande vyenyewe mpaka viagizwe. Tafuta jingine. Lakini nisikilize, maana mimi si mtu wa maneno mengi. Magari haya yana jina moja, mama mbalimbali. Kuna linalovuta kwa magurudumu yote manne. Giaboksi lake lina mkia, hilo utaliona tu. Kuna la injini ndogo. Hilo litaingia vizuri sana, likucheke mlimani. Halafu kuna la miaka ya baadaye. Hilo ndilo baya, kwa sababu sura ni ileile, tabia nyingine."

"Si kuna kibati chenye namba?"

"Kipo. Kisome. Lakini kibati ni cheti cha kuzaliwa tu, hakikuambii mtu kakua vipi. Wewe chukua hili bovu, lipakie kwenye mkokoteni, nenda nalo mpaka dukani, liweke ubavuni mwa zima. Tazama tundu kwa tundu, soketi kwa soketi. Bovu ndilo linalomjua mwenzake."

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya barabara ya spea. Watu walikwenda na vyuma vyao vibovu kama wanaokwenda posa na mshenga, na mshenga akiridhika, ndipo mambo yalipozungumzwa.

Mkokoteni haukupatikana. Basi Mwalimu akafuta kibati kwa kitambaa, akakipiga picha kwa simu, akaenda kwa miguu.

Njiani basi lilipunguza mwendo kando yake. "Kioo, Mwalimu! Shangazi yuko wapi leo?"

"Amepumzika."

"Mpe shikamoo!" Basi zima likacheka, likampita na moshi wake.

Dukani magiaboksi yalikuwa yamerundikwa mpaka dirishani, na kila moja lilikuwa na tone la rangi nyekundu juu ya bolti zake. Rangi ikishabanduka, mali hairudi. Hilo liliandikwa ukutani kwa herufi kubwa kuliko jina la duka. Muuzaji, mtu mnene mwenye penseli sikioni, aliitazama picha kwenye simu, akavuta midomo.

"Bei unataka ya asubuhi au ya sasa hivi, bosi?"

"Kwani kuna bei ya asubuhi?"

"Ilikuwepo. Imepanda na jua."

Wakaanza kutafuta. La kwanza lilikuwa na mkia. Mwalimu alilitambua, akalikataa kwa madaha. La pili lilikuwa la injini ndogo. Hilo nalo alilitambua. Kichwa kikaanza kumvimba. La tatu lilikuwa na namba zilezile zilizokuwa kwenye picha, moja baada ya nyingine, isipokuwa herufi ya mwisho.

"Na hii?"

"Hiyo ya kiwanda tu, bosi. Kama bibi aliyeolewa akabadili ubini. Mtu ni yuleyule."

"Lenye herufi yangu halipo?"

"Stoo ya kaka yangu, huenda. Litafika Jumamosi."

Jumamosi ilikuwa mbali kuliko mwezi. Mwalimu alilizunguka lile la tatu, akaligonga kwa ufunguo kama anayechagua tikiti maji, akaupenda mlio wake. Muuzaji akaapa kwa mama yake mzazi kwamba litafunga. Wauza spea huapa kama watu wengine wanavyokohoa. Lakini Mwalimu alihitaji kuamini, na mwenye kuhitaji hachagui kiapo. Bodaboda ikalibeba, limefungwa kwa mpira kama mgonjwa.

Jioni, Fundi Kimya akiwa chini ya gari, lilitokea jambo ambalo wazee wa gereji hawajawahi kulisimulia. Fundi alinyamaza.

"Vipi?" Mwalimu akainama.

"Bolti zimekubali zote," sauti ikatoka chini. "Shafti zimeingia. Soketi za gia zimeingia. Ila kamba ya spidi haina pa kuingilia."

Mwalimu hakuelewa, au hakutaka. Fundi akajiburuta nje, akaketi chini, akaeleza polepole kama anayetoa taarifa ya msiba. Katika gari la zamani kama Shangazi, kuna kamba inayotoka kwenye giaboksi hadi kwenye dashibodi. Magurudumu yakizunguka, kamba huzunguka, na mshale wa spidi hupanda. Giaboksi hili la miaka ya baadaye halikuwa na tundu la kamba. Mahali pake palikuwa na soketi ya nyaya, na Shangazi hakuwa na waya wa kuingia hapo. Kila mmoja alisema lugha yake.

"Lakini gari litatembea?"

"Litatembea kama bibi harusi. Ila lenyewe halitajua kama linatembea."

Wote wawili wakazitazama bolti. Rangi nyekundu ilikuwa imebaki kwenye kucha za fundi.

"Funga," akasema Mwalimu.

Asubuhi ya Alhamisi Mama Pacha alifika amevaa gauni lililonyooshwa na viatu alivyovipiga rangi, cha kushoto kikiwa na soli iliyoongezwa na fundi viatu. Aliketi, akavuta kiti, akafunga mkanda, akatazama vioo vyote vitatu kabla hajaambiwa. Mwalimu akakaa nyuma, kama atakavyokaa kwenye mtihani. Shangazi akaondoka bila hata kuguna. Gia ziliingia laini, mtu angeweza kubeba bakuli la uji magotini. Walipofika barabara kubwa Mama Pacha akasema:

"Mwalimu, mshale umelala."

"Usiutazame. Tazama mbele."

"Sisi umetufundisha tutazame vyote."

"Muuzaji kaniibia, Mama Pacha. Ameapa mbele yangu, kumbe giaboksi la gari jingine."

"Na fundi hakukwambia ubebe lile bovu ukalilinganishe?"

"Alisema. Mkokoteni haukupatikana."

Mama Pacha alimtazama kwenye kioo cha kati, muda mrefu kidogo kuliko sheria inavyoruhusu, kisha akarudisha macho barabarani.

Uwanja wa mtihani ulikuwa kipande cha changarawe nyuma ya ofisi, chenye mapipa yaliyopangwa na ubao mkubwa ulioandikwa HUDUMA BORA NI HAKI YAKO. Mtahini alifika amechelewa, kwa sababu gari la ofisi lilikataa kuwaka na watahiniwa watatu walitumwa kulisukuma. Waliposhindwa kulisukuma sawasawa aliwagombeza kwa kukosa ushirikiano. Kisha akaja kwa Shangazi akiwa na kalamu.

Taa. Honi. Wipa. Breki. Alitafuta ubovu kama mtu anayetafuta sarafu kwenye mchanga, na kila alipokosa alihuzunika zaidi. Hatimaye akaingia, akakaa kando ya Mama Pacha. Mwalimu alikuwa nyuma, magoti yamegusa kidevu.

"Endesha mpaka lile pipa."

Mama Pacha akaendesha. Mtahini akainama kwenye dashibodi.

"Mama. Gari hili linakwenda?"

"Linakwenda, afande."

"Spidi ngapi?"

"Ndogo, afande. Kama mtu anayetembea."

"Mimi sijauliza mtu. Hapa pameandikwa ngapi?"

Mama Pacha akautazama mshale. "Sifuri."

"Basi halijaondoka," mtahini akasema, akifunika kalamu kwa kifuniko chake. "Na gari ambalo halijaondoka haliwezi kufaulu."

"Mheshimiwa," Mwalimu akadakia kutoka nyuma, "uwanja huu wote hakuna mahali pa kuzidi mwendo wa mbuzi. Huyu mama anaendesha vizuri. Unamwona mwenyewe."

"Namwona. Simtahini Mama. Chombo ndicho hakijakidhi."

"Basi shuka, afande, utembee kando yangu," akasema Mama Pacha, bila kejeli, mikono bado iko kwenye usukani. "Nitakwenda sawasawa na wewe mpaka pipa la mwisho. Hatua zako ndizo zitakuwa mshale."

Watahiniwa waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Hilo ndilo lililoharibu kabisa, kwa kuwa mtu mwenye cheo kidogo huweza kusamehe kosa lakini hawezi kusamehe kicheko.

"Mimi si spidomita," akasema mtahini. Akashuka. "Tangazo la msimu ujao litabandikwa."

"Lini?"

"Likibandikwa utaliona."

Akaenda kwenye gari lake la ofisi, akawaita tena watu wa kusukuma. Mwalimu Kioo, nisilifiche hili, alikuwa miongoni mwa waliosukuma.

Mama Pacha aliomba apelekwe maabara. Mwalimu akamsihi aingie naye, amweleze meneja kwamba kosa si lake. "Baki kwenye gari," akamjibu. Kupitia dirisha la maabara Mwalimu alimwona amesimama mbele ya meza, mkono mmoja umeshika ukingo wake kuupumzisha mguu. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alisimama, akaongea amejishika kifua, akatikisa kichwa. Nyuma yake mhudumu aliendelea kupanga vichupa kwenye friji. Mambo yalikwisha upesi. Mambo ya namna hiyo hayachukui muda.

Aliporudi hakukaa kwenye usukani. Akafungua mlango wa nyuma, akakaa kama abiria, ikabidi Mwalimu ahamie kwenye usukani.

"Amesema angeningoja," akasema, "lakini damu haingoji. Yuko mwingine mwenye leseni, anaanza Jumatatu."

"Nitamrudia yule muuzaji," Mwalimu akasema, sauti imempanda. "Nitamshtaki. Mtu anaapa kwa mama yake! Na hii serikali, gari lao wenyewe linasukumwa..."

"Mwalimu."

"Naam."

"Mwenye mkokoteni wa pale gereji ni mpangaji mwenzangu. Tunatumia bomba moja. Jana jioni alikuwa analalamika kwamba ameshinda kivulini bila mteja. Akasema Fundi Kimya alimwita kubeba giaboksi, amekwisha hata kulitandikia gunia, wewe ukamrudisha."

Mwalimu akashika usukani wa gari lililosimama.

"Ulijua tangu jana?"

"Nilijua. Nikasema nitangoja, labda atasema mwenyewe. Asubuhi nikakuuliza, ukanijibu haukupatikana."

Lori likapita, likapunguza mwendo, dereva akatoa kichwa. "Kioo, Mwalimu!" Mwalimu hakuitikia. Alipozungumza alizungumza na dashibodi.

"Niliona haya, mama. Ile ni barabara ya wanafunzi wangu wote. Miaka yote nawaambia gari linatunzwa, gari haliharibiki ovyo. Nipite katikati yao nyuma ya mkokoteni, giaboksi langu linavuja oili njia nzima? Wangeimba mwaka mzima."

Mama Pacha aliunyoosha mguu wake wa kushoto kwa mkono. Hakukasirika, ingekuwa nafuu angekasirika.

"Mimi, Mwalimu, na mguu huu, nimekuwa nikipita katikati ya watu tangu nina miaka mitano. Waliimba. Nilikuwa nafika niendako." Akafunga mkanda. "Nipeleke nyumbani, wanangu wanatoka shule."

Sasa imebaki hesabu ya msimulizi, na afadhali aitoe mwenyewe kabla hajaitwa mbele. Ni kweli niliandika, hapo juu, kwamba mkokoteni haukupatikana. Niliiandika sentensi hiyo fupi nikapita nayo haraka, kama mtu anayepita mlango wa mwalimu wa zamu na viatu mkononi. Niliichukua kinywani mwa Mwalimu Kioo bila kuikagua, kwa sababu nampenda, na kwa sababu ilinipendeza kumpiga mawe mtahini na ubao wake. Mawe yale anayastahili. Sirudishi hata moja. Lakini muuzaji nimemwonea. Kabla hajaapa kwa mama yake alisema jambo ambalo nililiruka kwa makusudi. Alielekeza penseli chini kabisa ya rundo, kwenye giaboksi lenye vumbi lililopoteza kibati chake, akasema, "Bosi, hili silijui la gari gani, lakini lina tundu la kamba pembeni. Umekuja na bovu lako? Tuyaweke pamoja tuone."

Na Mwalimu akajibu, "Hakuna haja. Langu nalijua."